Kilwa kwa Siku Nne: Nilitumwa Nikapaone

Kila mwaka, Oktoba ikiingia, kundi letu la familia kwenye simu linageuka bunge. Likizo ya Desemba twende wapi? Safari hii kaka mkubwa alishikilia Zanzibar. Dada akasema Bagamoyo, ni karibu, ukichoka unarudi kwako. Mimi nikaropoka Kilwa. Nasema nikaropoka kwa sababu sikuwa na hoja yoyote, nilikuwa na picha moja tu kichwani, ya matao ya msikiti wa mawe niliyoyaona kwenye kitabu cha historia nikiwa shule ya msingi.

Kaka akajibu kwa maneno matatu: "Kilwa kuna nini?" Baada ya dakika akaongeza la nne: "Magofu?"

Mama husoma kila kinachoandikwa kundini na hajibu kitu. Siku hiyo alituma sauti. "Mwenye Kilwa yake aende kwanza akaione, arudi atuambie. Mimi sipelekwi mahali kwa picha."

Ndivyo nilivyogeuka mpelelezi. Nilibebeshwa maswali matatu: Mama ana miaka 71 na magoti yake hayataki ngazi, je, ataweza? Watoto watachoka siku ya ngapi? Na siku tatu au nne zinatosha, au nusu yake inaishia barabarani? Nikamchukua mpwa wangu wa kidato cha tatu awe kipimo cha watoto. Yeye alikubali kwa sharti la kukaa dirishani.

Alhamisi: Mbagala hadi Masoko

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa Mbagala Rangi Tatu, na basi likaondoka kabla jua halijachomoza vizuri. Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300, lami mwanzo mwisho. Mkuranga tuliipita tukiwa tumesinzia. Kibiti mpwa alinunua mayai ya kuchemsha. Kuanzia hapo mikorosho ikashika pande zote mbili za barabara, na kwa kuwa msimu ulikuwa ndio unaanza, harufu ya mabibo ilikuwa inaingia dirishani, ile tamu iliyochacha kidogo. Asiyeizoea hudhani kuna kitu kimeoza. Mimi bibi yangu mzaa baba alikuwa na mikorosho, kwangu ni harufu ya likizo.

Baada ya Ikwiriri tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, refu karibu kilomita nzima. Mto wenyewe ulikuwa umejikunyata katikati ya mchanga. Ukiuona hivyo huwezi kuamini habari za mafuriko yake.

Kiti cha mbele yetu alikaa mzee mmoja anayekwenda Lindi. Tulipofika kipande cha Ndundu hadi Somanga aligeuka akaniambia, "Mwanangu, hapa siku hizi mnalala usingizi. Zamani hapa tulikuwa tunalala kweli." Ni zile kilomita 60 zilizochelewa kuliko zote kupata lami. Masika, magari yalizama humo, na abiria wakapika porini. Mzee alisimulia kama mtu anayepakumbuka nyumbani. Akaongeza kuwa hata lami si mkataba na Mungu: mwaka 2024, mvua zile na kimbunga Hidaya vilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na kusini yote ikabaki upande wa pili. Nikaandika kwenye daftari: Machi hadi Mei, hapana.

Nangurukuru ndipo njia zinapoachana. Wa Lindi na Mtwara wananyoosha, wa Kilwa wanakata kushoto kuelekea baharini. Saa nane kasoro tulishuka Masoko, miguu imevimba. Bila msongamano wa kutoka Mbagala tungewahi zaidi. Kwa Mama hiyo ni siku nzima ya kukaa, na lazima tusimame mara mbili ajinyooshe. Kwa hiyo kwa basi hapana, tukodi gari. Kuna kiwanja kidogo cha ndege hapo mjini, lakini watu kumi na mbili kwa ndege si likizo tena, ni harusi.

Masoko ni mji wa ofisi za wilaya. Barabara pana, mti mmoja mmoja wa kivuli, bodaboda zimelala. Anayetegemea mji mkongwe wenye vichochoro atashangaa. Hapa ukongwe umebaki visiwani, kama Kilwa Kisiwani ng'ambo ya maji, na Kivinje, mji wa zamani wa jirani. Upande wa bandari tulikuta shughuli ya ujenzi wa bandari ya uvuvi, ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023, kwa hiyo malori yalikuwapo, na mama ntilie wa karibu na hapo walikuwa na wateja kuliko hoteli.

Kabla ofisi hazijafungwa tulikwenda kuchukua kibali cha kuingia magofuni na kupata kijana wa kutuongoza. Bila kibali usivuke. Mtanzania analipa kidogo sana. Pesa inakwenda kwenye mashua.

Gesti ilikuwa safi: kitanda, chandarua, feni, ndoo ya akiba bafuni. Kosa letu lilikuwa la tumbo. Saa moja jioni tukaenda kuomba samaki, dada wa jikoni akatutazama kwa huruma. "Mngesema mchana. Samaki wa jioni anaagizwa mchana." Alitutengenezea hata hivyo, changu wa kupaka na wali wa nazi, tukala saa tatu na ushei, kwa taa ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Mpwa alicheka sana nilipomwambia kuwa gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya hiihii, ndiyo inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar tangu 2004 kuzalisha umeme wetu. "Kwa hiyo wao wanatuwashia taa halafu wanakaa gizani?" Sikuwa na jibu. Samaki alikuwa mtamu.

Baadaye tuliteremka ufukweni, Jimbizi. Mwezi ulikuwa mpevu, mweupe mpaka unaona kivuli chako mchangani. Maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, na huko kwenye mwamba mtupu watu walikuwa wakitembea na tochi wameinama, wanatafuta cha kuokota. Nilisimama nikasema moyoni, Mama angependa hapa. Sikujua kuwa yale maji yaliyokwenda mbali yangenisumbua kesho yake.

Ijumaa: Kisiwani

Nahodha alisema saa moja asubuhi. Sisi tukafika saa mbili na nusu, kisa chai. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mashua, kofia ya kiua kichwani, anashona kamba.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa, maji yanakwenda zake. Na leo Ijumaa, saa sita na nusu mimi nataka niwe msikitini."

Kuvuka ni kama robo saa kwa mashine, mlango wa bahari wenyewe ni kilomita mbili hivi. Oktoba ni tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijaingia, na bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sufuria. Kitu cha kwanza kinachokupokea ni Gereza, ngome iliyosimama palepale majini. Neno lenyewe tumelirithi kwa Wareno, kwao likiwa kanisa, sisi tukalifungia watu. Wareno walifika na Francisco de Almeida mwaka 1505, wakaupiga mji, wakajenga ngome, na kufika 1512 wakaiacha. Jengo tunaloliona leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, karibu mwaka 1800. Mpwa alipiga picha tisa za lango na moja ya historia.

Kijana wetu alitusimulia hadithi ambayo kila mtoto wa kisiwani anaijua, ya namna kisiwa kilivyouzwa. Alikuja Ali bin Hasan kutoka Shiraz, akamkuta mwenyeji, akaomba kununua. Bei ikawa nguo: nguo ya kukizungushia kisiwa chote. Akaitandaza, akakichukua. Mpwa akatazama ufuo ulivyokwenda mpaka unapotea nyuma ya mikoko. "Kiwanda cha nguo cha Urafiki kingefanya kazi mwaka mzima." Kijana akacheka, lakini akaendelea na uso wa kazi: hiyo ni hadithi, ila nguo hapa kweli zilikuwa mali. Meli zilileta nguo na vyombo vya udongo, zikachukua pembe, na dhahabu iliyotoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Kilwa ilikaa katikati, ikawatoza wote.

Msikiti Mkuu ndio uliomnyamazisha kaka yangu baadaye nilipotuma picha, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Upande wa kaskazini ndio wa zamani, ulianza karne ya 11, mdogo, nguzo zimesimama wazi. Ukipita kusini unaingia kwenye upanuzi wa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, uliofanyiwa kazi tena baadaye: safu baada ya safu ya nguzo za pembe nane, matao juu yake, na juu ya matao kuba. Ndani ni baridi. Jua la saa tatu na nusu lilikuwa linaingia vipande vipande, na popo mmoja alikuwa anazunguka bila haraka. Niliegemea nguzo moja mahali ambapo lipu imebanduka. Jiwe lenyewe lilikuwa tumbawe. Ukilisogelea unaona vishimo vyake, vidogo, vimepangana kama sega la nyuki, kila kimoja kilikuwa nyumba ya mdudu wa baharini. Kijana akanieleza kazi yake. Tumbawe likitolewa majini likiwa bichi ni laini, fundi analichonga kama muhogo, likikauka linakuwa hilo jiwe. Chokaa ya kushikanishia nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Yaani msikiti mzima ni bahari iliyopandishwa nchi kavu. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa mihrabu uliochongwa, bado mkali.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamkuta sultani huyohuyo al-Hasan, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Nikamwambia mpwa kuna sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Akasimama. "Australia hii hii?" Hii hii. Zilifikaje huko, wanahistoria bado wanabishana. Ndiyo habari pekee ya siku nzima aliyoitumia rafiki zake papo hapo, mtandao ulipokubali.

Magofu haya na yale ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuliwa na bahari na kuachwa, na yakatolewa humo 2014 baada ya matengenezo. Unaona kuta zilizorekebishwa, rangi ya chokaa imepishana. Ukuta wa Makutani na makaburi ya masultani tuliyapita mbiombio. Katikati ya haya yote kuna kijiji kizima kinaishi, nyumba za udongo, mbuzi, mibuyu, mtoto anakimbiza tairi pembeni mwa msikiti wa kuba ndogo wa karne ya 15. Chini unakanyaga vigae vya vyombo vya kale, vingine vya rangi ya majani mabichi vilivyotoka China. Mpwa aliinama, kijana akakohoa. "Unatazama, huchukui." Akakirudisha.

Ikabaki Husuni Kubwa. Hii ni jumba la sultani, liko juu ya jabali upande wa mashariki, mwendo wa nusu saa na zaidi kwa miguu, kwenye jua. Mama hawezi. Kwa hiyo nikasema tujaribu njia ya Mama: mashua izunguke itushushe chini ya jabali, tupande ngazi. Nahodha alinitazama, akatazama maji, akasema, "Haya, utaona mwenyewe."

Nikaona. Ilikuwa saa nne na ushei, bahari imekupwa haina tena pa kwenda. Mashua ilikwama mbali na ufuo, mbali hasa, hatua mia mbili hivi za matope, nyasi za baharini na mawe yenye ncha. Tukashuka. Matope yakafika nusu ya muundi. Hatua ya kumi kandambili yangu ya kushoto ilibaki chini, nikaingiza mkono kuitafuta, nikatoa kaa. Mpwa alikuwa na raha ya ajabu, amekunja suruali, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, ananirekodi. Mimi nilikuwa nimemweka Mama akilini, na kijora chake, na lile goti la kulia. Hapana. Hata akibebwa, hapana.

Tulipanda juu huku tukidondosha tope. Husuni Kubwa ina vyumba zaidi ya mia, na wanaoyajua mambo haya wanasema haikuwahi kumalizika kujengwa. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ukipita nyua na kuta zilizobaki unafika kwenye bwawa la kuogea la pembe nane, limechimbwa vizuri, lina vipango vya kukaa pembeni, na mbele yake jabali linaishia baharini. Mpwa alikaa kwenye ukingo na miguu yake ya tope akaining'iniza ndani.

"Aunti, huyu mtu alikuwa na bwawa la kuogelea linalotazama bahari. Miaka mia saba iliyopita."

"Ndiyo."

"Na sisi tumelala gesti tunaoga na ndoo."

Nahodha alianza kupiga kelele kule chini. Ijumaa inakaribia.

Njiani kurudi nilimweleza habari ya Mama na magoti, na kuwa kama si yale matope ningemleta. Alifikiri, mkono kwenye usukani, kisha akasema, "Mlete mwezi saba."

"Mwezi wa saba tutakuwa kazini, nahodha. Likizo yetu Desemba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sisemi mwezi wa ukutani. Nasema wa juu." Akanyoosha kidole mbinguni, mchana kweupe. Leo mwezi mpevu, akaeleza, ni bamvua. Maji yanajaa sana na kukupwa sana, na kukupwa kwenyewe kunaangukia saa nne hizi, wakati mgeni ndipo anapotaka kutembea. Mwezi ukiwa wa siku ya saba, au ya ishirini na mbili, hayo ni maji mafu, hayaendi mbali, na tena saa nne asubuhi ndipo yamejaa. "Mama yako nitamfikisha kwenye mchanga. Atalowa nyayo tu."

Hili neno hakuna aliyenishauri kabla sijaondoka Dar. Kila mtu aliniambia hali ya hewa na bei.

Jumamosi: Kivinje asubuhi, Jimbizi jioni

Nilikuwa nimepanga Songo Mnara. Nahodha akasema kwenda ni zaidi ya saa nzima, na kwa bamvua hii tutacheza tena na matope. Mguu wangu ulikuwa na mikwaruzo ya mawe. Tukaamua Kivinje.

Unapanda gari la abiria kurudi njia ya Nangurukuru, unashuka njia panda, unaingia kwa bajaji. Kivinje ndiyo iliyokuwa Kilwa baada ya Kisiwani kufifia. Karne ya 19 misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, pembe na watumwa, na utajiri wa nyumba zile za ghorofa zilizochoka ulitoka hapo, hakuna haja ya kulainisha maneno. Kuta zimebanduka, mizizi imepita madirishani, mlango mmoja wa nakshi bado una misumari yake ya shaba, nyuma yake hakuna nyumba. Boma la Wajerumani limesimama linatazama bahari. Karibu na hapo wapo kwenye mnara wa kumbukumbu Wajerumani wawili wa ile kampuni yao ya Afrika Mashariki waliouawa mwaka 1888, watu wa pwani walipokataa kutawaliwa.

Aliyenyongwa na Wajerumani hana mnara mkubwa hivyo, ana jina la mahali. Hassan bin Omari Makunganya alipigana nao huku Kilwa, wakamkamata, wakamnyonga mwaka 1895, na pale alipotundikwa pakaitwa Mwembe Kinyonga. Hata hospitali ya wilaya, iliyo hapa Kivinje, watu wanaiita Kinyonga. Niliuliza njia ya hospitali kwa sababu ya Mama, nikapata somo la historia. Mpwa alisema hawezi kulazwa hospitali yenye jina hilo. Mimi naona ni kumbukumbu nzuri kuliko sanamu: kila anayekwenda kupima malaria anamtaja.

Nilichokipenda Kivinje ni baraza. Wazee wanne walikuwa wanacheza bao kwenye kivuli, muuza kahawa na kashata pembeni, ukuta nyuma yao umepasuka kutoka juu hadi chini na hakuna anayeujali. Tulisalimia, tukakaribishwa, tukakaa saa nzima bila kuulizwa tumekuja kufanya nini. Mzee mmoja, baada ya kikombe cha pili, ndipo akauliza, "Wa wapi nyie?" Nikataja upande wa bibi yangu, wa mikorosho. Akataja mtu wa huko. Nikamjua. Ikawa habari nyingine. Mama nikimweka kwenye baraza hilo na kikombe cha kahawa, hatatuuliza magofu.

Alasiri tukarudi Jimbizi kuogelea. Hapo bamvua ilitulipa deni: saa kumi maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya miti, ya kijani, tulivu, hakuna wimbi la kumwangusha mtoto. Ufukwe ni mzuri. Si Nungwi ya Zanzibar. Hakuna miavuli, hakuna muziki, hakuna wa kukuletea dafu, ukitaka maji ya kunywa beba. Wavuvi wanavuta nyavu hapohapo unapoogelea, na wanawake wanapita na ndoo wanakusalimia, kwa hiyo niliingia majini na kanga na fulana kama watu wengine. Anayekuja kupigwa picha na nguo za kuogelea hapatamfaa. Wajukuu wa miaka minne hadi kumi, kwa maji yale, utawatoa kwa fimbo.

Jioni tuliagiza ngisi mapema, saa sita mchana. Tulikuwa tumejifunza. Nikamwomba mpwa atoe hukumu yake rasmi, nikafungua daftari.

"Siku ya kwanza hamna kitu, ni basi. Ya pili nzuri sana, ile ya matope iwekwe kwenye ratiba. Ya tatu asubuhi ni ya wazee, jioni ni yetu. Ukiongeza ya tano nitalia."

"Na Zanzibar?"

Alifikiri huku akitafuna. "Zanzibar tutakwenda na shule."

Jumapili: kurudi

Basi la asubuhi. Mikorosho ileile, sasa upande wa pili. Tulinunua korosho mbichi kilo tatu barabarani, moja imeshaliwa kabla ya Rufiji.

Nikaandika ripoti kwenye simu, kidole kimoja, gari linaruka. Kaka, Kilwa kuna magofu, ndiyo, na ukisimama ndani yake utafunga mdomo. Siku mbili hazifai kabisa, usije. Tulale Masoko usiku tatu, siku ya kwenda na ya kurudi usizihesabu. Tukodi gari, mashua tukiigawana kumi na wawili haiumi. Chakula kiagizwe kabla ya adhuhuri. Chandarua kipo, dawa ya mbu mbebe. Anayetaka starehe za hoteli abaki na Zanzibar yake, sitamlaumu. Mama ataweza Kivinje na Jimbizi bila shida, na Kisiwani ataweza pia kwa sharti moja. Hapo nikaandika: nahodha anasema twende mwezi saba.

Kaka akarudi mara moja. "Julai? Si tulisema Desemba? Umeenda kupeleleza au kuahirisha?"

Dada akaweka vikaragosi vya kucheka. Nikaanza kuandika maelezo ya bamvua na maji mafu, basi likarukia tuta, nikafuta nusu yake bila kukusudia. Nilipokuwa naanza upya, ikaingia sauti ya Mama. Ilikuwa ndefu. Mwanzoni kimya tu, na kitu kama minong'ono, anahesabu.

"Siyo Julai, mwanangu. Mwezi saba. Nyie hamuangalii juu?" Kimya kingine. "Nimehesabu. Mwezi ukiandama vizuri, inaangukia siku mbili tatu baada ya Krismasi. Na huyo nahodha mwambieni mimi maji nayaogopa, anishike mkono."